Fundi aliyejipima kiuno mwenyewe: kisa cha mzee wa Luanda na miezi yake ya mwisho

Hiki kisa nimekaa nacho karibu mwaka mzima bila kukiandika, juu boma lilikuwa bado linaomboleza na mimi mwenyewe sikujua nianzie wapi. Juzi mama mwenye boma akaniambia andika tu, lakini usitaje jina la mzee wala la mtoto wake yeyote. Hospitali pia sitazitaja, juu kilichotokea huko nimekiona kikitokea mahali pengi na sitaki kumnyooshea mtu mmoja kidole.

Mimi ni nesi wa tiba shufaa, yaani nashughulikia mtu mwenye ugonjwa ambao hautapona, maumivu yake, pumzi yake, usingizi wake, hofu yake na hofu ya watu wake. Naenda manyumbani huku magharibi ya Kenya, kuanzia Kisumu kupanda Maseno, Luanda mpaka Emuhaya, matatu halafu boda, begi mgongoni.

Mzee alikuwa na miaka 71, fundi wa nguo, miaka 46 kwa cherehani ile ile moja ya Singer kwenye baraza ya duka pale Luanda soko. Watu wengi wa Bunyore walioa na suti zake na wengine wakazikwa nazo. Mwezi wa tatu ugali ukaanza kumkwama, anakunywa maji unashuka. Baadaye nyama ikakataa, chapati ikakataa, mkate mpaka auchovye kwa chai, na ikifika mwezi wa sita ni uji na supu tu. Katikati hapo alikuwa amenunua dawa za vidonda vya tumbo kwa chemist mara tatu. Huu ukanda wetu wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, kansa ya koo la chakula iko juu kuliko sehemu nyingi za dunia, na hapa magharibi na Bonde la Ufa tunaiona sana, lakini mtu akianza kukwamwa na chakula bado anaambiwa ni asidi. Chakula kikianza kukwama hivyo, mara nyingi uvimbe umeshakula sehemu kubwa ya njia. Tafadhali, mtu wako akisema ugali unamkwama wiki mbili mfululizo, mpeleke akapigwe kamera, ile inaingizwa kooni kuangalia ndani.

Basi akapelekwa Kisumu akapigwa kamera. Uvimbe ulikuwa katikati ya koo umeziba karibu njia yote, daktari akatoa kinyama kikaenda maabara, na skani ikaonyesha umeshafika kwa maini. Majibu yalitolewa kwa koridoo. Daktari alimwita kijana wa pili, yule ambaye anaishi nyumbani na anafundisha primary, akamwambia wakiwa wamesimama kando ya mlango watu wakipita na troli, na mzee mwenyewe ameketi kwa benchi hatua kumi hivi, amepakata bahasha ya skani yake. Bahasha ilikuwa ya mzee na koo lilikuwa la mzee, lakini maneno akapewa mtu mwingine.

Kijana akapigia kifungua mimba aliye Nairobi, akapigia dada yao wa Nakuru, wakapigia senge, yaani dada ya mzee, na kabla ya matatu kufika Kisian walikuwa wameshaamua. Mzee asiambiwe, atavunjika moyo afe haraka, tuseme ni vidonda vya tumbo. Wakamwekea stenti, lile bomba la waya linalopanuka likiwa ndani ya koo ili chakula laini kipite, na yeye akaambiwa ni kufungua njia vidonda vipone. Stenti ilimsaidia, hilo niseme wazi, alikunywa chai siku hiyo hiyo. Alipewa masharti ya kawaida, vyakula laini tu, asijaribu vipande vya nyama wala tonge la ugali, na akimaliza kula apige funda mbili za soda ili mabaki yasukumwe chini.

Mimi niliingia boma lile mwezi wa nane, siku ya Jumatano. Mama alinipata kwa geti, akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, sista karibu, lakini ujue huko ndani tunasema ni vidonda vya tumbo. Nikamwambia sawa mama. Nikaingia, nikamsalimia mzee, nikamwuliza vidonda vinaendeleaje. Hilo swali nalijutia mpaka leo, manake mimi ndio mtu nimesomea haya mambo na niliingia kwa uongo wa watu bila hata kuvua viatu. Mzee aliniangalia kidogo, akasema vinaendelea vizuri, akageuza uso akaangalia ukuta.

Jumatano iliyofuata mama alikuwa ameenda mkutano wa wamama wa kanisa. Mzee alikuwa kwa veranda, cherehani ililetwa kutoka soko ikawekwa hapo karibu naye ingawa hakuwa na nguvu ya kuikanyaga, na tepu yake ya kupimia imening'inia shingoni vile mafundi wanakaa nayo. Akaniambia kaa. Halafu akasimama polepole, akajizungushia tepu kiunoni juu ya shati, akabana alama kwa kidole gumba akaniambia soma. Nikasoma inchi 29.

"Mwezi wa tatu nilikuwa 36," akasema. "Kila Jumapili kabla ya kanisa najipima, naandika."

Akatoa daftari lake la vipimo, lile la wateja, kifua na mabega na urefu wa mkono, na ukurasa wa nyuma kabisa kulikuwa na tarehe zimepangwa kwa mwandiko wa mtu aliyesoma shule za zamani: 36, 35 na nusu, 34, 32, 31, 29.

"Sista, mimi nimepima watu miaka 46. Nimepima watu wa ukimwi wakati ule dawa hazikuwa, mtu anakuja kupunguziwa suruali mara ya tatu, yeye hasemi na mimi sisemi. Vidonda vya tumbo havili mtu hivi. Wewe umetumwa na nani sijui, lakini niambie."

Nikamwuliza, mzee, wewe mwenyewe unafikiria ni nini. Akasema, kansa. Alilitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anataja bei ya kitambaa. Nikamwambia ndio mzee, ni kansa ya koo la chakula, na imefika kwa maini. Halafu nikanyamaza. Kunyamaza hapo ni kazi ngumu kuliko kuongea, mdomo unataka kukimbilia kusema Mungu yupo na tutajaribu na usijali, lakini mtu anahitaji muda wa kusikia alichosikia. Kuku walikuwa wanachakura pale chini ya cherehani. Baada ya muda akauliza kama atakufa akilia kwa uchungu, nikamwambia hapana, uchungu tuna dawa yake na nitaileta. Akauliza kama ataona Krismasi. Nikamwambia ukweli nilio nao, kwamba naona wiki nyingi ama miezi michache, siwezi kumpa tarehe. Halafu akauliza nani mwingine anajua.

Nikamwambia vijana wako, binti yako, mama, senge.

"Na mkamwana wangu?"

Nikasema ndio.

Hapo ndipo machozi yakamtoka. Neno kansa alilibeba vizuri, kilichomliza ni kujua kwamba boma lake lote linajua, kwamba jioni wakila wanaangaliana juu ya kichwa chake, kwamba amekuwa mtoto kwa nyumba aliyoijenga na sindano. Akasema, wameniondoa kabla sijaenda.

Kuna wenzangu kazini waliniambia nilivuka mpaka, ati familia ndio imeniita na familia ilikuwa imeamua. Nimelifikiria sana hili na sikubaliani nao. Habari ya mwili wa mtu ni ya mwenye mwili. Na hapa kwetu si suala la maoni yangu tu, Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 8 inamtaka anayekutibu akuelezee wewe hali yako, na matibabu yaliyopo, faida yake, hatari yake na gharama yake, tena kwa lugha unayoielewa. Mwanya upo, kwamba unaweza kumficha kama kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia kutamuumiza, lakini "wazee hawawezi kuvumilia" si ushahidi, ni mazoea. Huyu mzee alikuwa amejipigia hesabu yake mwenyewe kila Jumapili miezi mitano, peke yake, bila mtu wa kumwuliza.

Lakini pia nataka niitetee hiyo familia, juu ni rahisi kuwaona wabaya. Wale vijana walimficha baba yao kwa heshima. Kwetu mzee hapelekewi habari mbaya ovyo ovyo, hata msiba wa mbali anaambiwa polepole, anaketishwa kwanza, analetewa chai. Na kutaja kifo cha mtu akiwa hai ni kama kumchimbia kaburi akiona, senge aliniambia hivyo hivyo kwa uso mkali. Kwa hiyo kulikuwa na heshima mbili kwa boma moja zinagongana, yao ilikuwa ya kumkinga asisikie, na yake yeye ilikuwa ya kuketishwa na kuambiwa kama mwenye nyumba. Hakuna aliyekuwa amemwuliza anataka ipi, hilo tu ndilo lilikosekana, na lilikosekana kuanzia kwa ile koridoo.

Mzee ndiye aliyeitisha kikao. Jumamosi, sebuleni, amevaa shati la mikono mirefu limefungwa mpaka juu, kifungua mimba yuko kwa video ya WhatsApp simu imeegemezwa kwa kopo la sukari, dada wa Nakuru amekuja na mtoto, pasta yuko, liguru, yaani mzee wa kijiji, pia aliitwa. Nilidhani nitaongea mimi lakini mzee aliongea mwenyewe karibu dakika ishirini na kupumzika katikati. Akaanza na kesi ya SM Otieno! Kwa vijana mliozaliwa juzi, huyo alikuwa wakili Nairobi, alikufa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 1986, mke wake akitaka kumzika kwa shamba lao Upper Matasia na ukoo wake wa Umira Kager wakitaka arudi Nyalgunga kule Siaya, wakapigana mpaka Mahakama ya Rufaa na mwili ukazikwa tarehe 23 mwezi wa 5 mwaka wa 1987. Mzee alifuata ile kesi yote kwa redio akishona. "Siku 154 mtu yuko kwa friji," akasema, "na watu wanasema marehemu alisema hivi, marehemu hakusema. Mimi nasema sasa na mko hapa mnanisikia."

Akasema atazikwa kando ya nyumba yake ndani ya wiki moja na hakuna kipande cha shamba kitauzwa kwa sababu ya mwili wake, akiwa hai ama akiwa amekufa. Akasema hataki mashine. Kijana wa pili akaandika kila kitu kwa lile daftari la vipimo juu ndilo lilikuwa karibu, mzee akaweka sahihi, pasta na liguru wakaweka zao.

Kifungua mimba hakukubali. Kutoka kwa ile simu alisema baba hatutakuacha ufe kama mtu hana watoto, nimeshaongea na hospitali moja huku, nitauza gari. Alikuwa analia. Nilikuja kumwelewa baadaye tulipoongea wawili, alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka miwili kwa sababu ya kazi, na kwa kichwa chake ICU, wodi ya mashine ya wagonjwa mahututi, ndiyo ilikuwa fidia. Tena kulikuwa na macho ya kijiji. Mtu akifia ICU ya bei watu husema vijana walijaribu. Akifia kwa kitanda chake watu huuliza kwani walikosa pesa? Hii kitu inauza mashamba mengi sana huku kwetu na hakuna mtu anaitaja, hela inalipwa ili matanga yakose aibu, na mgonjwa mwenyewe amefungwa mikono kwa kitambaa asing'oe mipira. Nimekuwa kwa wodi hizo. ICU ni mahali pazuri sana kwa mtu ambaye mwili wake una uwezo wa kurudi. Kwa mwili ambao kansa imeshaumaliza, mashine inashikilia pumzi tu, na kumpiga kifua moyo ukisimama mara nyingi ni kumvunja mbavu bure. Nilimweleza hivyo bila kuzungusha. Alikata simu. Siku ya tatu akanitumia ujumbe akiuliza, kwa hiyo mimi kama kifungua mimba nifanye nini? Nikamwambia njoo umnyoe ndevu.

Sasa nije kwa mambo ambayo hayaingiagi kwa faili. Mzee alikuwa ananuka. Naandika hivi kwa heshima zote. Mtu anayeshinda naye nyumbani mchana alikuwa mkamwana, bibi ya huyo kijana mwalimu, mama magoti yake yameisha na hawezi kumwinua mtu. Na kwetu mkamwana hamshiki baba mkwe, haingii chumba chake cha kulala, haoni hata kitanda chake, wachilia mbali kumvua nguo amwoshe. Yule msichana alikuwa ananiambia machozi yakimtoka, sista nitafanyaje, anajichafua na mimi nimesimama nje ya mlango nasikia. Naye mzee alikuwa amepunguza kunywa maji makusudi ili asihitaji kusaidiwa, midomo imepasuka. Hospitali ilikuwa imewapa karatasi imeandikwa mgonjwa aogeshwe kila siku. Nani amwogeshe, hakuna aliyeuliza.

Nilipouliza nikaambiwa hakuna mwanamume nyumbani mchana. Kumbe kulikuwa na mjukuu, kijana wa miaka 19 amemaliza form four anangoja chuo, analala kwa simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana, hapo nyuma, na hakuna mtu alimhesabu juu ni mtoto. Lakini mjukuu na kuka, yaani babu yake, ni watani! Wanatukanana, wanaitana majina, hakuna aibu kati yao. Nikamfundisha siku moja tu, vile unamgeuza mtu kwa shuka, unaosha upande mmoja ukifunika mwingine, unakausha katikati ya vidole, unapaka mafuta mgongoni na kwa visigino ili asitoke vidonda. Wiki iliyofuata nilisikia kicheko kutoka kwa geti. Mjukuu alikuwa anamwambia kuka, wewe na haya matako ya kuku ulioa aje? Na mzee anacheka mpaka anakohoa. Maji akaanza kunywa tena bila kulazimishwa.

Chakula nacho kilikuwa vita. Mama alimpikia mume wake miaka 44 na sasa anaona sahani inarudi imejaa, alikuwa anakaa naye saa nzima na kijiko cha uji, baba jaribu kidogo, moja tu, ya mwisho. Siku moja nikibadilisha shuka nikapata kopo la Kimbo nyuma ya kitanda limejaa uji. Alikuwa anaweka uji mdomoni, anangoja mama atoke, anautema. Hakutaka kumwumiza. Nikaketi na mama jikoni, nikamwambia mama, mwili wake umeanza kufunga, hafi kwa sababu wewe humlishi, hakuli kwa sababu anakufa, na chakula cha nguvu kinamletea kichefuchefu na kikiteleza kinaingia kwa mapafu. Alinyamaza muda mrefu akichochea moto. Halafu akauliza, sasa mikono yangu nitaifanyisha nini? Nikamwonyesha kulowesha kitambaa safi kwa chai baridi na kumpangusa midomo na ulimi, na kumpaka mafuta kwa midomo. Mzee alipenda sana chai, tena ile inachoma. Akawa anafanyiwa hivyo na mama mara kumi kwa siku.

Mofini ilichelewa wiki moja. Dawa yenyewe huku kwetu ni maji, poda inachanganywa kwa famasia ya hospitali, mtu anapimiwa kwa sirinji isiyo na sindano. Mimi nesi nangoja daktari aandike, wakati hapo tu ng'ambo ya Busia, Uganda, manesi waliosomea hii kazi wanaandika mofini wenyewe tangu 2004. Nikishaipata, senge akaikataa, ati kuna mama fulani alipewa akafa baada ya siku mbili. Huwa ni kweli mtu anaweza kufa siku mbili baada ya kupewa, juu tunaipeleka mtu akiwa amebakisha siku mbili! Tukaanza miligramu 5 kila baada ya masaa manne na dozi mbili kwa pamoja wakati wa kulala ili usiku asiamshwe, na tembe za kulainisha choo kila siku, hizo usisahau kamwe, mofini inafunga tumbo vibaya. Siku mbili za kwanza alisinzia, simu zikanipigia usiku, mzee anapotea. Nikawaambia ana deni la usingizi la miezi mitatu, mwacheni alipe. Siku ya tatu aliamka akaitisha redio.

Cicely Saunders, yule aliyefungua St Christopher's kule London mwaka wa 1967 na alianza kama nesi kabla awe daktari, alifundisha kwamba uchungu wa mtu anayekufa uko kwa mwili na akili na familia na roho vyote pamoja. Kwa huyu mzee niliuona huo uchungu wa pamoja wazi kabisa, dozi ile ile ya 5 ambayo haikutosha wiki ya kwanza ilitosha baada ya kifungua mimba kuja.

Maana alikuja. Alifika Ijumaa usiku na basi, Jumamosi asubuhi akamnyoa baba yake pale veranda kwa wembe na sabuni ya kipande. Hawakuongea sana.

Halafu ikaja ile usiku mbaya, mwisho wa mwezi wa tisa. Saa sita usiku mzee akashindwa kupumua, kifua kinakoroma, nadhani alikuwa amepaliwa na kitu kikaingia kwa mapafu. Mkamwana akaogopa, akapiga nduru, jirani akaja na gari lake la Probox, wakampeleka hospitali. Siwalaumu hata kidogo, kuona mtu anakosa hewa ni kitu kingine kabisa na vile tuliongea kwa kikao. Huko daktari wa zamu, kijana mdogo, akasema huyu aende ICU, na kwa kuwa hawakuwa na kitanda akawaelekeza mahali pengine, deposit 200,000. Kijana mwalimu akanipigia saa saba na nusu anatetemeka, sista, wanasema tukikataa tunamwua.

Nikamwambia una daftari? Alikuwa nalo, alilibeba pamoja na kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Nikamwomba ampe daktari simu. Nikamweleza ugonjwa umefika wapi, nikamwambia mgonjwa mwenyewe yuko hapo mbele yako na akili yake ni timamu, mwulize yeye. Sheria ile ile ya 2017 inasema mgonjwa ana haki ya kukataa matibabu na kuelezwa matokeo ya kukataa, Katiba kifungu cha 28 inasema kila mtu ana utu wake na uheshimiwe, na kukataa mashine si kujiua wala si kuuawa. Huyo daktari, Mungu ambariki, alivuta kiti. Niliskia kwa simu akiuliza, mzee, unataka tukupeleke kwa mashine ya kupumua? Na nikaskia sauti ya mzee katikati ya kukoroma, hapana, nirudishe kwangu, lakini hii kifua nipatie dawa.

Hilo neno la mwisho ndilo watu wengi hawalielewi. Kukataa ICU hakukuwa kukataa kutibiwa. Alipewa oksijeni mpaka asubuhi, antibiotiki, mofini kidogo ambayo pia inatuliza ile hofu ya kukosa hewa, akarudi nyumbani saa nne na sindano za siku tano zikimaliziwa kwa zahanati ya karibu. Ilipona! Akapata wiki mbili nzuri ambazo hakuna mtu alizitegemea.

Hizo wiki mbili alizitumia kushona. Alikuwa na suti ya kijivu aliyojishonea harusi ya binti yake, akasema hawezi kulala ndani ya jeneza nguo inamwelea kama ameazima. Akajipima, akachora na chaki, mjukuu akawa anakanyaga cherehani na mzee anaongoza kitambaa kwa vidole, dakika kumi analala, dakika kumi anaendelea. Suruali ikapunguzwa mpaka 28, koti likapunguzwa mgongoni na ubavuni. Senge, yule yule aliyesema tunamchimbia kaburi akiona, ndiye alipiga pasi ya makaa.

Alikufa Alhamisi kabla ya jogoo, mwezi wa kumi, kwa kitanda chake, mama amemshika mkono mmoja na mjukuu mkono mwingine. Kifungua mimba alikuwa njiani, amefika Nakuru, akaambiwa kwa simu, akasimamisha gari, akakaa hapo kando ya barabara mpaka kukapambazuka ndio akaendelea. Alizikwa siku ya tisa badala ya saba kwa sababu kibali na mvua vilichelewesha, hilo hatukulitimiza. Shamba liko vile lilikuwa.

Baada ya matanga mjukuu alinirudishia chupa ya mofini, lazima irudi, na akaniletea lile daftari nione vile alikuwa anaandika dozi. Alikuwa amezipanga nyuma ya namba za kiuno, kwa mwandiko wake mbovu, tarehe, saa, mililita, amemeza ama ametapika, na mwisho wa kila siku kuna jina la aliyemwogesha, jina lake, jina lake, jina lake, halafu Jumamosi moja hivi kuna jina la baba mkubwa. Nikamwuliza kama naweza kupiga picha ule ukurasa nifundishie wengine. Akasema hapana, sista, hilo ni la kuka. Nikamrudishia.